Mwaridi unaotambaa ndani ya nusu pipa: tuliyojifunza Arusha na Moshi

Nyua nyingi za Njiro, Sakina na Moshono, hapa Arusha, siku hizi zimetandikwa pevingi kuanzia getini hadi mlango wa jikoni, na mpangaji hana ruhusa ya kung'oa hata tofali moja. Anayetaka mawaridi ukutani anaishia kuyapanda kwenye chombo. Inawezekana vizuri kabisa: mwaridi mmoja unaotambaa, ukiwa ndani ya nusu pipa, unaweza kufunika ukuta wa mita 2 kwa 2 kabla miaka mitatu haijaisha. Lakini mingi huchanua vizuri mwaka wa kwanza kisha ikaanza kunyong'onyea, na mwenyewe anakuwa ameshanunua dawa tatu za majani bila nafuu. Karibu kila mara kilichoharibika kiko chini, kwenye udongo na maji.

Mwaridi wa ardhini ukikosa kitu hupeleka mizizi mbali kukitafuta. Wa kwenye chombo hauna pa kwenda. Unakula ulichouwekea, unakunywa ulichoumwagia, na chumvi ya maji pamoja na ya mbolea inabaki humohumo mpaka uitoe wewe.

Chombo kidogo ni kosa lisilorekebishika bila kung'oa mmea, kwa hiyo lianze hilo. Ndoo ya lita 20 inabeba mwaridi mfupi wa kichaka, basi. Unaotambaa unataka lita 60 kwa uchache, hizo zikiwa za aina ndogo zisizopita mita 2. Aina za mita 3 zinataka lita 100 na zaidi. Tazama kina kabla ya upana. Sentimita 45 ndiyo ya chini kabisa, 50 hadi 55 ndiyo nzuri. Pipa la lita 200 likikatwa katikati kabisa linatoa vyombo viwili vyenye kina cha sentimita 43 hivi, na hapo mwaridi unabanwa kidogo. Ni afadhali kulikata kwenye sentimita 55 kutoka chini. Kipande cha juu kinachobaki kitafaa kwa kotimiri na mchicha.

Pipa la chuma hushika joto. Moshi, Januari na Februari, upande unaopigwa na jua la saa tisa alasiri unapata moto kiasi kwamba mizizi inayogusa ukuta wa pipa inakufa, na mmea unanyauka huku udongo ukiwa na maji. Paka nje rangi nyeupe, na ndani zungushia tabaka mbili za mfuko wa sandarusi kabla ya kujaza. Pipa la plastiki lina nafuu, ila uliza lilibeba nini. Lililobeba mafuta ya kula au sharubati huoshwa kwa sabuni likafaa. Lililobeba dawa za kilimo au kemikali za kiwandani liache hata kama linauzwa bei ya kutupa. Vyungu vya saruji vinavyouzwa kandokando ya barabara ni vizito na havipati moto haraka, ila kikiwa kipya kinatoa chokaa. Kizibe matundu, kijaze maji, yaache siku 4 au 5, yamwage, ujaze tena, mara tatu. Ukiruka hatua hii udongo utapanda uchungu wa chokaa kabla hata ya kuanza kumwagilia, na uchungu huo, kama nitakavyoeleza, Arusha tunao wa kutosha.

Toboa matundu 8 hadi 10 yenye upana wa milimita 12 hadi 15 kwenye kitako, na mengine manne ubavuni, sentimita 2 juu ya kitako, kwa ajili ya siku matundu ya chini yakiziba. Kiinue chombo juu ya matofali matatu ili maji yapate pa kutokea. Kisha ukiweke mahali pake kabisa kabla ya kujaza, maana nusu pipa lenye udongo uliolowa linapita kilo 100, na kulisogeza baadaye ni kazi ya watu watatu.

Kuna ushauri unaorudiwa kila mahali: tandika kokoto chini ili maji yapite upesi. Kokoto hazifanyi kazi hiyo. Maji hayatoki kwenye udongo laini kuingia kwenye kokoto mpaka udongo ulio juu yake ushibe kabisa. Chombo chochote kina ukanda wa chepechepe kule chini. Ukiweka kokoto sentimita 10, ukanda huo unapanda sentimita 10 na kuisogelea mizizi. Umepoteza kina na umeongeza unyevu usiotakiwa. Kipande cha chandarua kuukuu juu ya matundu kinatosha kuzuia udongo usitoke.

Udongo wenyewe tunaupima kwa ndoo za lita 20. Kwa chombo cha lita 100: ndoo 2 za udongo mwekundu wa juu, ndoo moja na nusu ya samadi ya ng'ombe iliyoiva, ndoo 1 ya pumba za mpunga zilizounguzwa nusu mpaka zikawa nyeusi lakini hazijawa jivu, na ndoo 1 ya changarawe nyepesi ya volkano yenye punje za ukubwa wa harage. Jumla inazidi chombo kidogo, na ziada hiyo itatumika udongo ukishuka baada ya wiki mbili za kumwagilia. Udongo mweusi wa mfinyanzi wa kule mabondeni usiutumie hata kidogo. Ukilowa unaziba, ukikauka unapasuka na kukata mizizi. Wakazi wa Moshi wana maganda ya kahawa kwa urahisi, na ni mali nzuri, ila mabichi huunyima mmea naitrojeni wakati yanaoza. Yarundike na samadi, yalowanishe, yageuze kila wiki mbili, na uyatumie baada ya miezi minne. Samadi iliyoiva haina harufu kali na ukiingiza mkono katikati ya lundo husikii joto. Ya kuku ni kali. Nusu ndoo badala ya moja na nusu, tena iwe imekaa muda mrefu.

Sasa maji. Kwa Arusha hili ndilo linaloharibu miwaridi mingi kuliko ugonjwa wowote, na ndilo linalosemwa kidogo kuliko yote.

Maji ya visima na chemchemi nyingi chini ya Mlima Meru yamepita kwenye miamba ya volkano. Habari ya floridi inajulikana na kila mtu kwa sababu ya meno. Lakini maji hayohayo mara nyingi yana bikaboneti ya sodiamu kwa wingi, na mwaridi unaumizwa na hiyo kwa njia mbili. Kwanza, bikaboneti inapandisha pH ya udongo, yaani kipimo cha uchachu: namba ikipanda, uchachu unapungua na ule uchungu wa chokaa unaongezeka. Mwaridi unapenda 6.0 hadi 6.5, ikivuka 7 na kuendelea kupanda, chuma kilichomo kwenye udongo kinajifunga na mizizi haiwezi kukichukua, hata kama kipo tele. Pili, sodiamu inavunja chembe za udongo zilizoshikana, udongo unalala kama uji uliokauka, na hewa inakosa njia. Shambani mvua za masika zinasafisha sehemu ya chumvi hiyo. Chombo kilicho chini ya kibaraza hakioni mvua mwaka mzima.

Dalili yake ni hii: majani machanga, ya ncha kabisa, yanatoka na rangi ya njano huku vishipa vyake vikibaki kijani, kama wavu. Hapo wengi huongeza samadi au mbolea ya kukuzia, na njano inazidi. Tofautisha na njano nyingine. Njano inayoanza kwenye majani ya zamani ya chini na kufunika jani zima ni njaa ya naitrojeni. Njano iliyo katikati ya vishipa vya majani ya zamani, kingo zikibaki kijani kwa muda, ni magnesiamu. Kingo zilizokauka kahawia kama zimechomwa ni chumvi iliyozidi, au chombo kilichokauka mara kwa mara. Sehemu ya mmea ambapo rangi imeanzia ndiyo inayokuambia ugonjwa.

Dawa ya kwanza ni maji ya mvua. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya bati ni lita moja, kwa hiyo bati la mita za mraba 20 likipigwa na mvua ya milimita 20 linakupa karibu lita 400, ukitoa kidogo kinachopotea. Acha mvua ya kwanza ya msimu ioshe vumbi la bati, kisha kusanya. Kama tangi lako halifiki mwisho wa kiangazi, tumia maji ya bomba siku za kawaida na ya mvua kila baada ya umwagiliaji wa tatu au wa nne. Hata hivyo nafuu utaiona. La pili ni kubadilisha mbolea: badala ya CAN (naitrojeni yenye chokaa) tumia SA (salfeti ya amonia), kwa sababu amoniamu yake inashusha pH taratibu kadiri vijidudu vya udongo vinavyoitumia. Salfa ya unga nayo inashusha, gramu 30 zikichanganywa kwenye sentimita 10 za juu za chombo cha lita 100, lakini inafanya kazi kwa miezi, si kwa siku. Mmea ukiwa umeshakuwa wa njano kabisa, chuma cha kelate, yaani kilichofungwa ndani ya kiungo kinachokikinga kisijifunge kwenye udongo, kitarudisha rangi. Chagua aina ya EDDHA, kwa kuwa aina nyingine za kelate hazihimili udongo wenye pH ya juu, na unakuwa umemwaga pesa.

Na jivu. Najua jivu la jikoni linapendwa, na kwenye udongo mchachu wa migombani juu mlimani linafaa sana. Kwenye chombo kinachomwagiliwa maji ya Arusha linaongeza ugonjwa uleule unaotaka kuuponya. Usiliweke.

Moshi mjini, maji ya chemchemi za Kilimanjaro kwa kawaida hayana ukali wa namna hiyo. Tabu ya Moshi ni joto na kiasi. Mwaridi wenye majani kamili kwenye chombo cha lita 100 unaweza kutaka lita 8 hadi 10 kwa siku mwezi wa Februari; Arusha mwezi wa Julai, kukiwa na mawingu mpaka saa sita mchana, lita 4 kila baada ya siku mbili zinatosha. Usifuate ratiba, fuata kidole: ingiza mpaka sentimita 5, pakiwa pakavu mwagilia, pakiwa na unyevu ngoja. Ukimwagilia, mwagilia mpaka maji yatoke chini. Vikombe viwili vya kila siku vinalowanisha juu tu, mizizi inapanda kutafuta maji, na chumvi inarundikana kule kusikofikiwa. Kila miezi miwili ya kiangazi safisha chombo: mimina polepole maji yenye ujazo wa chombo mara mbili, ukipumzika saa moja katikati, na ndoo mbili za mwisho ziwe za mvua kama unazo. Siku 3 baadaye urudishe mbolea kidogo, kwa kuwa umeosha na chakula. Funika uso wa udongo kwa maganda ya kahawa yaliyooza au majani makavu ya mgomba, unene wa sentimita 5, yasiguse shina.

Mche ununuliwe kwa macho makini. Neno "wa kutambaa" kwa wauza miche wengi linamaanisha wowote wenye tawi refu. Tazama machipukizi mapya yenye nguvu yanayotoka karibu na shina: kwenye mwaridi wa kichaka, chipukizi linaishia na tumba likiwa na urefu wa nusu mita au zaidi kidogo; kwenye unaotambaa linaendelea kurefuka, laini, bila tumba kwenye ncha. Jihadhari pia na vipandikizi vilivyotokana na mawaridi ya kukata ya mashamba ya maua. Hayo yamezalishwa kutoa kikonyo kirefu kimoja chenye ua moja ndani ya banda la nailoni. Ukutani kwako hayatatambaa, na mvua za Aprili zitayamaliza kwa madoa meusi.

Ukibahatika kupata mche wenye jina, jina linakueleza mengi. 'Iceberg' mweupe ulitoka kwa Kordes, wazalishaji wa mawaridi wa Ujerumani, mwaka 1958 ukiwa wa kichaka, na umbo lake linalotambaa likapatikana mwaka 1968. Unafaa sana kwenye lita 100. 'New Dawn' wa mwaka 1930, wa pinki hafifu, ndio mmea wa kwanza kupewa hataza nchini Marekani, mwaka 1931, nao una nguvu za kupita mita 4, kwa hiyo usiuweke kwenye chombo cha lita 60 ukategemea utatulia. 'Zéphirine Drouhin' wa Ufaransa, wa mwaka 1868, karibu hauna miiba kabisa, jambo jema kwenye mlango wanakopita watoto, ila unashikwa upesi na madoa meusi. Aina zinazochanua mara moja tu kwa mwaka ziache. Nyingi zimezoea majira ya baridi kali ndipo zitunge matumba, na baridi yetu ya Julai haifiki huko. Utapata majani mazuri na maua machache.

Kupanda hakuna mengi. Chana kiriba, mizizi inayozunguka kitako ikate au inyooshe, panda mahali pa ubebeshaji (pale aina uliyoinunua ilipoungwa kwenye shina mama) pakiwa sentimita 3 hadi 5 juu ya udongo, bakiza sentimita 5 za nafasi ya maji juu ya chombo. Mbolea ya dukani usiiweke kwa wiki 3. Matumba ya miezi miwili ya kwanza yatoe yote, ingawa mkono unakuwa mzito, kwa sababu mmea unajenga mizizi na hauna akiba ya kutosha kwa kazi mbili. Ukuta unaotazama mashariki ndio bora: jua la asubuhi linakausha umande, na kivuli cha alasiri kinaokoa mizizi. Saa 6 za jua ni za lazima.

Tuje kwenye matawi, maana hapa ndipo uzuri wote unapoamuliwa. Mwaridi hautambai wenyewe. Hauna vikono kama mpasheni. Porini unajirusha juu ya vichaka na kujishikilia kwa miiba. Ukiuacha ukutani unapanda wima mpaka juu ya bati, unachanua huko ambako ni ndege tu wanaoona, na chini unabaki miti mitupu. Hali hiyo inatokana na jicho (sehemu ya kuchipulia) la juu kabisa la tawi, ambalo hutoa homoni inayoshuka na kuyazuia macho ya chini yasiamke. Ukililaza tawi, hakuna tena jicho lililo juu ya mengine, kizuizi kinalegea, na karibu kila jicho linatoa tawi fupi lenye maua. Tawi moja la mita 2 likisimama wima linaweza kukupa kishada kimoja juu. Likilazwa, hilohilo linatoa matawi ya maua 8, 10, hata zaidi.

Kwa hiyo kabla ya kupanda, weka waya ukutani. Waya wa mabati wa milimita 2.5, mistari mitano ya ulalo, wa kwanza sentimita 45 juu ya mdomo wa chombo na mingine ikiachana sentimita 35. Ishikilie na skrubu zenye kitanzi zinazoutoa waya sentimita 8 kutoka ukutani. Nafasi hiyo ni ya hewa na ni ya mkono wako wakati wa kufunga. Mwenye nyumba akikataa kutobolewa ukuta, simamisha fremu ya nondo za milimita 10 au mianzi, miguu ikiwa ndani ya chombo hadi kitako kabla ya kujaza udongo. Nguzo moja nayo inafaa: matawi yazungushwe kama kamba kwenye mtungi, na mzunguko huo unafanya kazi ileile ya kulaza.

Chagua matawi makuu 5 hadi 7. Yafungue kama vidole vya kiganja, ya pembeni yakilala karibu kabisa, ya katikati yakiwa kwenye nyuzi 45. Tawi linakunjwa likiwa changa, la kijani, lenye mita 1 hivi. Likishakuwa na gome la kahawia linavunjika. Fanya kazi hiyo alasiri, kwani asubuhi baada ya kumwagilia tawi limejaa maji na ni gumu kama karoti. Usilishushe kwa siku moja: shusha kiasi, funga, ngoja siku 5, shusha tena, mpaka wiki 2 au 3 zipite. Likitoa mlio mdogo wa kupasuka lakini gome bado limeshika, lifunge palepale kwa kitambaa na uliache. Mara nyingi linapona.

Funga kwa vipande vya kitambaa laini, kamba ya mgomba iliyolowanishwa, au katani. Fundo lizunguke kama namba 8, waya ukiwa kwenye tundu moja na tawi kwenye jingine, na kidole kipite katikati. Usitumie waya mwembamba wa kufungia nondo. Tawi linanenepa, waya unazama ndani ya gome, na miezi sita baadaye kila kilicho mbele ya hapo kinakauka huku wewe ukitafuta mdudu. Kagua mafundo kila miezi mitatu.

Kupogoa, mwaka wa kwanza na wa pili usiguse matawi makuu ila yaliyokufa. Hasa aina zilizotokana na za kichaka, kama huo 'Iceberg': zikikatwa sana zikiwa changa zinaweza kurudia umbo la kichaka. Baada ya hapo, kazi kubwa ni mwisho wa Agosti, baridi ikianza kuondoka na vuli ikiwa mbele. Punguza maji nusu kwa siku 10, kata matawi mafupi yaliyotoa maua yabaki na macho 2 au 3, ondoa tawi kuu moja la zamani zaidi kama kuna jipya la kushika nafasi yake, kisha vua majani yote yaliyobaki. Kuvua huku kunawashtua watu. Kwetu hakuna baridi ya kuuangusha mmea majani, kwa hiyo usipouvua unabeba majani ya zamani yenye ugonjwa msimu hadi msimu na haupati mapumziko. Ukirudisha maji na mbolea, maua ya kwanza yanafunguka baada ya wiki 6 au 7 Moshi, na 7 hadi 9 Arusha. Kati ya misimu, ua likinyauka likate mpaka jani la kwanza kamili lenye vijani vitano. Mkasi uwe mkali, ufutwe kwa spiriti kabla ya kuhamia mmea mwingine.

Machipukizi yanayotoka chini ya ubebeshaji ni ya shina mama, si ya ua ulilonunua. Majani yake yana rangi na umbo tofauti na mengine. Fukua kidogo na uling'oe chipukizi kwa kulivuta kutoka linapotokea. Ukilikata kwa mkasi linarudi matatu.

Mbolea ya chombo cha lita 100 tunaipima kwa kisoda, ambacho kikijaa ni gramu 5 hivi. NPK 17:17:17, visoda 4 kila wiki 4, imwagwe pembeni mbali na shina juu ya udongo uliokwisha kumwagiliwa. Katikati ya mwezi, visoda 2 vya SA. Mwezi wa Julai Arusha, punguza nusu, kwa sababu mmea hauli. Kuzidisha hakuleti maua; kunaleta matawi marefu laini, kingo za majani zilizoungua na kundi la vidukari.

Magonjwa yanafuata majira kiasi kwamba unaweza kuyangoja. Masika huja na madoa meusi. Mbegu za kuvu hilo zinarushwa na matone, na zinahitaji jani libaki limelowa kwa saa 7 hivi ndipo ziingie. Ndiyo sababu ya kumwagilia udongo na si majani, tena asubuhi. Vua majani yote ya sentimita 30 za chini mwezi wa Machi kabla mvua hazijashika, okota yaliyoanguka na uyachome, usiyatie kwenye lundo la mboji. Dawa ya kopa au mankozebu inakinga. Haiponyi jani lenye doa, kwa hiyo inapigwa kabla, kwa kipimo cha kibandiko. Juni hadi Septemba, mchana mkavu na usiku wa baridi, Arusha inaleta ubwiri unga: majani machanga yanajikunja na kupakwa kama unga wa ngano. Hapo salfa ya kuchanganywa na maji inatosha, au maziwa sehemu 1 kwa maji sehemu 9, mara moja kwa wiki kukiwa na jua. Salfa usiipige joto likifika nyuzi 30 wala ndani ya wiki mbili za kupiga mafuta yoyote, inababua majani. Moshi, kiangazi, kinachosumbua ni utitiri mwekundu. Jani linapauka kwa vidoadoa vidogo, na chini yake kuna utando mwembamba. Watu hupiga dawa ya wadudu wa kawaida, inaua wadudu wanaoula utitiri, na hali inakuwa mbaya zaidi. Anza na mpira wa maji kwa nguvu chini ya majani, asubuhi, kila siku 3. Usipopungua, mafuta ya mwarobaini mililita 5 na sabuni ya maji mililita 1 kwa lita moja ya maji, jioni, mara tatu kwa kuachana siku 5, kwa sababu dawa haiui mayai na lazima uwakute wanaoanguliwa.

Kila mwaka mwishoni mwa Agosti, ondoa sentimita 10 za udongo wa juu na uweke mchanganyiko mpya. Mwaka wa tatu au wa nne, maji yakianza kutuama juu au kupita ubavuni bila kulowanisha katikati, mizizi imejaa. Pogoa kwanza, laza chombo, toa bonge zima, nyoa kwa panga kali sentimita 6 hadi 8 kuzunguka pande zote na chini, rudisha na udongo mpya. Mmea utasinzia wiki 3.

Na mpangaji akihama, mwaridi unahama naye. Siku mbili kabla usimwagilie, ili uzito upungue, na utie alama upande wa chombo unaotazama jua. Fungua mafundo yote, kusanya matawi makuu pamoja, yazungushie shuka kuukuu kuanzia chini kwenda juu, uyafunge kwenye mti mmoja wa mwanzi uliosimikwa ndani ya chombo. Kwenye kirikuu chombo kikae nyuma ya kichwa cha gari, kikifungwa pande mbili, na matawi yakielekea nyuma, ili upepo uyalaze badala ya kuyapinda. Alama uliyoiweka upande uliokuwa ukitazama jua ielekezwe juani tena, waya uwe umeshafungwa kabla mzigo haujashushwa, na matawi yarudi kwenye mielekeo ileile ya zamani siku hiyohiyo, kwa maana macho yake yameshageukia upande mmoja. Kisha maji mpaka yatoke chini, na kivuli cha neti kwa siku 5.